Baruti Isiyojaza Ganda

Downsview, Toronto
12 Januari 2025

Kaka Polycarp,

Assalaam alaikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Chagua utakayoanza kuitikia. Habari za Kibosho? Shemeji Clementina anaendeleaje na goti? Mimi alhamdulillah, mzima, isipokuwa masikio. Juzi mleta vifurushi aligonga mlango mpaka akakata tamaa, na mimi nimekaa sebuleni, hatua chache tu kutoka mlangoni. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga. Ile simu ya kugusa aliyoninunulia binti yangu Nilofar iko kwenye droo pamoja na betri za redio. Tumefyatua bunduki ujana wetu wote bila vizibo vya masikio, kaka, sasa tunalipa.

Theluji imepanda mpaka ukingo wa dirisha. Tangu mke wangu Khatoon atangulie, nyumba hii imekuwa kubwa kuliko ilivyo. Nilofar anatoka Thornhill kila Jumapili na vyakula, anahesabu vidonge vyangu kama yuko kwenye famasi yake, anaondoka. Wajukuu wananiambia "shikamoo, Babu", nikijibu kwa Kiswahili wanakimbilia Kiingereza.

Basi siku nyingi nashinda chumba cha chini, kwenye meza yangu ya risasi. Unajua risasi za bastola sinunui. Naokota maganda uwanjani, nayasafisha, naweka fataki mpya ya kuwashia kitakoni, namimina baruti, nabana kichwa cha risasi juu. Ni kazi ileile tuliyokuwa tukifanya na za shotigani dukani kwa marehemu baba pale Moshi, ila hizi ganda lake ni dogo kama pingili ya kidole.

Habari kubwa ni kwamba baruti niliyoizoea imepotea madukani. Nimenunua ya aina nyingine. Na baruti ngeni huwezi kuipa kipimo cha ile ya zamani. Lazima nianze upya: nafungua kitabu cha watengenezaji, naanza na kipimo cha chini kabisa, natengeneza risasi chache tu, nakwenda kupiga, kisha naokota kila ganda na kulisoma. Fataki imebaki na duara lake au imepondeka? Ganda limetoka kwa ulaini au limeng'ang'ania? Kama kuna usalama na shabaha bado haijakaa, napanda kidogo. Kidogo sana. Na pale kitabu kilipoishia sivuki, hata malaika anishike mkono.

Kuna kijana wa klabu anaitwa Shamez, wazazi wake ni watu wa Mwanza. Ni fundi wa meno ya bandia. Ndiye anayenibeba Jumamosi kwenda uwanja wa shabaha, huko kaskazini ya mji. Bastola yake na yangu ni pacha, zinakula risasi za ganda moja. Nimemwambia mwaka huu nataka kushinda mashindano ya wazee, mara moja ya mwisho. Sheria ya hapa sasa hairuhusu bastola kama yangu kuuzwa wala kurithiwa. Nikifa inakufa nami. Basi acha iondoke na heshima yake.

Andika.

Mdogo wako,
Ramzanali


Kibosho, Moshi
16 Februari 2025

Mdogo wangu Ramzanali,

Naitikia zote mbili, ya msikitini na ya kanisani. Sisi tupo. Goti la Clementina limekubali dawa ya Dokta wa misheni, sasa anashuka mwenyewe mpaka kwenye migomba, ila kupanda anamtukana kila mtu. Mvua haijaanza. Nimefurahi kuona mwandiko wako, bado unaandika kama unamkimbiza nyoka.

Umenikumbusha meza ya baba yako. Nilivyoingia Idara ya Wanyamapori walidhani wananifundisha bunduki; nilikuwa nimeshafundishwa na Mzee. Unakumbuka alivyokuwa hataki mtu aongee kwenye baruti? Mteja akiingia, hata awe Mzungu wa mashamba na hasira zake, anasubiri mpaka ganda lililo mkononi limefungwa. Mama yako akileta chai anaiweka mlangoni.

Nina swali moja. Hiyo baruti yako mpya inajaza ganda? Maana ile ya zamani uliniambia ilikuwa nyingi, ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya inafurika mezani na unajua kosa lako hapohapo. Kuna baruti nyingine ni kali na kipimo chake ni kidogo, kinakaa chini ya ganda hata nusu hakifiki. Hiyo ukiirudia, ganda linameza zote mbili na kunyamaza. Unabana kichwa cha risasi juu yake, nayo inafanana na wenzake wote. Utakuja kuijua ukishafyatua.

Najua unayajua haya. Sikufundishi. Lakini sasa uko peke yako mezani, na zamani tulikuwa wawili, mmoja anamimina, mwingine anachungulia. Chukua tochi, mdogo wangu, chungulia kila ganda kabla ya kulifunga.

Clementina anasema uvae soksi mbili.

Kaka yako,
Polycarp


Downsview
23 Machi 2025

Kaka Polycarp,

Ramadhani imetukuta na baridi. Daktari amenikataza kufunga kwa ajili ya sukari, kwa hiyo nakaa nikiwaonea wivu wenye njaa. Wewe na Shemeji hamjambo? Migomba je?

Umeuliza kuhusu baruti. Ndiyo, ni kama ulivyosema. Ni kidogo, iko chini kabisa ya ganda, inaonekana kama chai iliyobaki kwenye kikombe. Tochi ninayo, usiwe na wasiwasi. Nimeshapanda mara mbili tangu kipimo cha kwanza na maganda yanatoka mazuri. Kwenye karatasi ya shabaha matundu yameanza kukaribiana.

Kuna jambo lilitokea. Nilikuwa katikati ya kumimina, maganda yamesimama kwenye ubao wake, mara taa ya mlangoni ikawaka, ile Nilofar aliyonifungia kwa sababu sisikii kengele. Ni yeye, ameleta futari. Nikapanda, tukaongea, akaondoka. Niliporudi chini sikujua nimeishia ganda gani. Basi nikafanya kama baba alivyotufundisha: nikamwaga ubao mzima, nikairudisha baruti kwenye kopo lake, nikaanza tangu mwanzo. Ungejivunia.

Shamez anakusalimu. Hakujui, lakini nimemsimulia habari zako mpaka amechoka. Aliniambia, "Anko, huyo kaka yako aje huku tumpeleke uwanjani." Nikamwambia huyo amepiga nyati akiwa amesimama, karatasi zenu zitamchekesha. Mke wake Nishat ana mimba ya kwanza. Kijana amenenepa kwa furaha.

Nilofar anataka nihamie kwake. Anasema ngazi za huku ni hatari. Nimemwambia ngazi nazijua kuliko yeye.

Nikuambie jambo lililotokea. Nilikuwa namimina baruti, maganda yako kwenye ubao, mara taa ya mlangoni ikawaka, kumbe Nilofar, ameleta futari. Tukaongea kidogo, akaenda zake. Niliporudi chini sikukumbuka nimeishia wapi. Nikachagua pale nilipoona panafaa, nikaendelea, nikazifunga zote. Kazi ikaisha mapema, nikala sambusa zake za nyama.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Ramzanali


Kibosho
20 Aprili 2025

Mdogo wangu Ramzanali,

Leo ni Pasaka. Watu wamerudi kutoka kanisani, wako nje wanachoma nyama, mimi nimejifungia ndani nakuandikia wewe. Barua yako ilifika jana. Nilipoimaliza niliirudia, kisha nikampa Clementina bila kumwambia kitu. Alisoma akicheka mpaka karibu na mwisho, halafu akarudi juu ya ukurasa.

"Kwa nini anasimulia mara mbili?" akaniuliza.

"Angalia vizuri," nikamwambia.

Akaangalia. "Huku amemwaga," akasema. "Huku hakumwaga."

Ndugu yangu, nakwambia wazi, maana sina njia ya mzunguko inayofika Toronto. Kisa cha Nilofar na futari umeniandikia mara mbili katika barua moja, kama mtu asiyejua ameshasema. Mara ya kwanza umemwaga ubao mzima. Mara ya pili umeendelea pale ulipoona panafaa na kuzifunga. Lipi ni la kweli? Kama ni la pili, basi mahali fulani kwenye maboksi yako huenda kuna risasi yenye baruti mara mbili, na hakuna jicho litakaloitambua.

Sisi ni wazee. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nimetafuta miwani nikiwa nimeivaa. Lakini miwani haipasuki usoni.

Nakuomba usipige hata moja katika zile ulizotengeneza Ramadhani. Zivunje zote, toa baruti, imwage. Mwambie Nilofar, akupeleke kwa daktari, si kwa ajili ya sukari bali kwa ajili ya kichwa. Na usimpe mtu mwingine risasi zako.

Ningekuwa hapo ningechungulia mimi. Nakaa huku na tochi yangu haifiki.

Usinikasirikie.

Kaka yako,
Polycarp


Downsview
18 Mei 2025

Kaka Polycarp,

Habari za huko. Mimi nipo.

Nilikukasirikia. Niliiweka barua yako chini ya redio nikasema huyu mzee wa Kibosho amekosa kazi. Kisha nikaanza kukitafuta kile kisa kichwani ili nikujibu. Nikajiona namwaga ubao, baruti inarudi kwenye kopo. Nikajiona pia naendelea, nabana, navuta mkono wa mashine ya kubania. Nazikumbuka zote mbili, kaka. Zote mbili ziko wazi kama leo. Hilo ndilo limenitia hofu.

Si mara ya kwanza. Wakati wa baridi nilipanda basi la Keele, nikashuka kituo changu, nikasimama. Nilijua ni kituo changu lakini sikujua nyumba iko upande gani. Mama mmoja Msomali alinishika mkono. Nilofar hajui. Jina la dada yake Khatoon limenitoka, nalitafuta mpaka leo, naona aibu kuuliza.

Utasema kwa nini basi bado nakaa mezani. Kwa sababu pale ndipo mahali pekee ninapojiona bado ni mimi. Mikono inajua. Nikishika mizani, nikiona sindano yake imetulia, kichwa nacho kinatulia. Nikiacha hii nitakaa na televisheni nisiyoisikia.

Nimejaribu kuitafuta hiyo risasi. Nimezipima moja moja, lakini maganda yenyewe yanatofautiana uzito kuliko hiyo baruti ndogo, kwa hiyo mizani inaniambia kila kitu na hainiambii lolote. Hakuna njia ila kuzivunja zote, kama ulivyosema. Nitazivunja. Naahidi. Na sitatengeneza nyingine mpaka nikuandikie.

Lakini nakuomba jambo, kwa chumvi tuliyokula nyumbani kwa mama yangu na kwa mama yako. Usimwambie Nilofar. Akijua siku moja, siku ya pili nyumba imeuzwa, mashine imetupwa, nami niko kwenye chumba cha wageni napewa uji. Niachie mwaka huu. Nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Ramzanali


Kibosho
15 Juni 2025

Mdogo wangu Ramzanali,

Salamu kutoka kwa Clementina, ambaye analia jikoni na kusingizia kuni mbichi. Asante kwa kuniambia ukweli. Nimeibeba barua yako kila mahali, hata kanisani.

Siwezi kufanya unaloniomba. Nimejaribu kukaa nalo. Naamka nikiwa na amani, halafu nakumbuka kuna boksi Toronto. Kama ungekuwa unacheza na uhai wako peke yako labda ningenyamaza, Mungu anisamehe, maana najua kilichobaki kwako ni kidogo. Lakini uwanjani mnasimama bega kwa bega. Kuna huyo kijana na mke wake mjamzito.

Nimeteremka Moshi mpaka msikitini kwenu. Nilimkuta mama mmoja, Nazira, anafundisha watoto madrasa. Ni binamu ya marehemu mke wako. Amenipa namba ya Nilofar. Iko mfukoni mwa koti langu.

Sitaipiga leo. Sitaki kukuendea kwa nyuma, kama mwizi anayeingilia mlango wa jikoni kwa mtu aliyemfungulia wa mbele. Nataka usome kwanza barua hii, ukae na binti yako, umwambie wewe kwa mdomo wako. Ni heshima yako na sitaki kuigusa. Mwisho wa Julai, kama sijasikia kitu, nitapiga. Namba yangu nimeiandika chini hapa ili na yeye aweze kunipata.

Zile risasi, umezivunja? Niambie umezivunja.

Kaka yako,
Polycarp


Thornhill
7 Septemba 2025

Kaka Polycarp,

Sijui nikusalimu vipi. Natumai mko wazima. Niko kwa Nilofar, chumba cha wageni, dirisha linaangalia magari ya barabara ya Bathurst. Naandika polepole na kuhakikisha kila sentensi nimeisoma kabla ya kuandika inayofuata.

Nilizivunja, kaka. Naapa kwa Mungu. Nakumbuka nyundo ya kuzitolea, nakumbuka vichwa vya risasi vikidondoka kwenye bakuli, nakumbuka nimemwaga baruti kwenye majani nyuma ya nyumba. Maboksi yote ya rafuni. Lakini kulikuwa na boksi moja kwenye begi la uwanjani. Nililiweka humo siku ileile ya futari, nikalisahau. Ni hilo tu.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, joto kali. Mimi nilikuwa napiga risasi za dukani nilizonunua kwa bei ya dhahabu, nikijiambia natimiza ahadi. Shamez alikuwa kibanda cha kushoto kwangu. Zikamwishia. Akainama, akaniambia karibu na sikio, "Anko, una chache?"

Nikamwambia, "Zipo kwenye begi, chukua."

Ndivyo nilivyosema. Zipo kwenye begi, chukua. Sikugeuka hata kumtazama.

Alipiga kadhaa zikaenda vizuri. Mlio wenyewe sikuusikia, mimi nasikia nini. Niliuhisi kifuani, kama mtu amefunga mlango mzito. Nilipogeuka, Shamez amesimama, anatazama mkono wake wa kulia kama si wake. Mpini wa bastola ulikuwa umepasuka. Miwani ya usalama iliyaokoa macho, shavu lilikuwa linatoka damu. Watu wakakimbia. Mimi nilikuwa nimemshika bega namwambia, "Kaa chini, mwanangu, kaa chini," na yeye ananijibu, naona midomo yake, sisikii kitu. Baadaye Nilofar, aliyeelezwa na walioshuhudia, aliniambia alikuwa anasema, "Si kosa lako, Anko."

Hospitali walikata kidole cha shahada na cha kati. Mkono wa fundi wa meno.

Polisi walikuja nyumbani. Walikuwa na adabu. Wamechukua bastola, baruti, mashine, na leseni nimesaini mwenyewe kuirudisha. Nilofar amenipeleka kwa daktari, wamenipa jina la ugonjwa. Nyumba inauzwa. Yote niliyoyaogopa yamekuja, na hakuna hata moja linalouma kama vile vidole.

Shamez alikuja hapa Ijumaa, mkono umefungwa, na mtoto wao mchanga, wa kike. Alikaa, akanywa chai kwa mkono wa kushoto. Hakuniuliza lolote. Afadhali angenitukana.

Nilofar anasema kuna barua yako ilifika Downsview, Jumatatu baada ya Jumamosi ile. Anayo yeye. Nimemwomba, anasema baadaye. Uliniandikia nini, kaka?

Mdogo wako,
Ramzanali


Kibosho
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Ramzanali,

Pole. Neno ni dogo na sina kubwa zaidi. Pole wewe, pole kwa Shamez, pole kwa mkewe. Sisi hatujambo, afya tunayo, ya mwili.

Umeuliza nilikuandikia nini. Nitakuambia, kwa sababu una haki, na kwa sababu Nilofar anakuhurumia lakini mimi sistahili kufichwa.

Nilikuandikia kwamba nimepata namba yake na nitampigia, lakini si mpaka wewe uisome barua ile kwanza. Nilitaka kukupa nafasi. Namba ilikuwa mfukoni mwa koti tangu Juni. Nilikuwa nayo nikienda kanisani, nikienda sokoni, nikikaa kibarazani. Simu ilikuwa mfuko wa pili. Barua ikawa njiani inatembea, mimi nasubiri ifike, nikijisifu moyoni kwamba namtendea ndugu yangu kiungwana.

Nilofar alinipigia Jumatatu ileile, saa za huku giza lilikuwa limeshaingia. Sijawahi kusikia sauti yake tangu alipokuwa mtoto. Alijaribu Kiswahili, kinakatika katika.

"Uncle Polycarp," akasema, "wewe ulijua?"

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Nikasikia anapumua. Kisha akasema jambo kwa Kiingereza, polepole ili nielewe, kwamba angeweza kulipekua begi kwa dakika moja. Dakika moja tu, Uncle. Hakunitukana. Alisema asante kwa kupokea simu, akakata.

Ramzanali, nilikuheshimu, na heshima yangu imekula vidole vya kijana wa watu. Ungenichukia ningempigia Aprili. Ungeninunia mpaka kufa, na yeye angekuwa na mkono mzima. Nilichagua nisichukiwe. Clementina anasema nisijibebeshe, kwamba ni ugonjwa, ni bahati mbaya, ni boksi. Lakini usiku namwona kijana nisiyemjua akitazama mkono wake.

Nina ombi. Nisamehe, kama unaweza. Nami nimekusamehe lolote lililo lako, hata bila kuuliza. Na ukimwona Shamez mwambie yuko mzee Kibosho aliyejua akanyamaza, anaomba radhi. Niandikie hata mstari mmoja: ndiyo au hapana. Nitaupokea wowote.

Kaka yako,
Polycarp


Thornhill
11 Januari 2026

Kaka Polycarp,

Salaam nyingi kutoka kwenye theluji. Shemeji hajambo? Na wewe? Muda mrefu hujaniandikia, au umeniandikia na hawa watu wa posta wamekula barua. Mimi namshukuru Mungu. Nakaa na Nilofar siku hizi, ana nyumba nzuri, chakula kizuri, ila chumvi hakuna.

Shamez anakuja kunitembelea kila Jumamosi. Ni kijana mwema sana, wazazi wake ni watu wa Mwanza. Anakuja na binti yake mdogo, ananiwekea mapajani, mtoto ananivuta ndevu. Kaka, nimesikitika sana. Mkono wake wa kulia hauna vidole viwili. Nilimwuliza imekuwaje, akasema aliumia kazini, kwenye mashine. Nilofar anasema huwa namwuliza kila akija. Sidhani.

Nilimwambia, "Mwanangu, mtu mwenye kazi ya mikono lazima awe mwangalifu. Mashine haina huruma." Akaniambia, "Ni kweli, Anko." Akaangalia dirishani. Sasa kazi ile ameiacha, anajifunza mambo ya ofisi.

Wewe ni mtu wa sala. Mwombee. Si haki kijana kama yule apatwe na jambo kama lile.

Mdogo wako,
Ramzanali


Kibosho
15 Februari 2026

Mdogo wangu Ramzanali,

Barua yako imefika. Nimefurahi kujua unakula vizuri. Sisi wazima, Clementina anakusalimu, anasema chumvi isikuumize kichwa.

Nimemwombea Shamez Jumapili, nimemtaja kwa jina. Nitaendelea kumwombea. Akija tena Jumamosi mpokee, mpe chai, mwache mtoto avute ndevu. Na akikuambia ni mashine, mkubalie.

Kuna neno nilikuomba mwezi wa Oktoba. Kama barua hiyo imepotea, usiitafute. Na kama iko hapo ndani ya nyumba, mwambie Nilofar aiweke mbali.

Andika ukipata nafasi. Hata usipoandika, mimi nitaandika.

Kaka yako,
Polycarp